Maswali ya Wasomaji: Uvimbe wa Kifuani Unapoubana Moyo

Tangu safu hii ilipoandika juu ya saratani ya titi, barua nyingi zilizotufikia zimekuwa zikizunguka jambo moja, nalo ni jinsi mtu mwenye uvimbe kifuani anavyoanza kuugua moyo ilhali moyo wenyewe haukuwahi kuwa na kasoro. Tumechagua chache, tukazifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kama walivyoomba. Mwandishi wa barua ya kwanza tulimjibu kwa simu siku ileile, kwa sababu hali aliyoieleza haikuweza kusubiri toleo lichapishwe. Tunalirudia jibu hilo kwa ajili ya wengine.

Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 58. Alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, akapewa dawa za dripu, na kwa miaka miwili alikuwa mzima. Hivi karibuni alianza kuhema akitembea hatua chache, miguu ikavimba, na kulala chali hawezi. Kwenye zahanati waliona ni moyo kushindwa kufanya kazi, wakampa vidonge vya kutoa maji mwilini. Baada ya siku chache akazimia bafuni. Hospitali ya mkoa wamempima eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, wakasema maji yamejaa kuuzunguka moyo na lazima yavutwe kwa sindano haraka. Ndugu wanakataa, wanasema kumchoma mtu sindano ya moyo ni kumuua. Na je, huu ni ugonjwa wa moyo au saratani imerudi? — Binti wa mgonjwa, Iringa

Marahaba, binti yangu. Nianze na hofu ya ndugu, kwa kuwa ndiyo inayomchelewesha mama. Sindano hiyo haichomwi moyoni. Moyo umo ndani ya mfuko mwembamba wenye tabaka mbili, uitwao perikardiamu, na kati ya tabaka hizo kwa kawaida huwamo maji ya kulainisha, mililita 15 hadi 50, yaani vijiko vichache vya chakula. Maji yanapozidi, mfuko huachana na moyo na nafasi iliyo kati yao hupanuka. Ni katika nafasi hiyo sindano inapoingizwa, ama kutokea chini ya ncha ya mfupa wa kidari, ama katikati ya mbavu za kushoto, daktari akiifuatilia njia yake kwa mashine ya eko. Hatari ya kuugusa moyo ipo, lakini ni ndogo pale eko inapotumika. Hatari ya kuyaacha maji hayo pale yalipo ni kifo.

Sasa tuone yametoka wapi. Saratani ya titi, saratani ya mapafu na limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, ndizo zinazoufikia mfuko huu mara nyingi zaidi kuliko nyingine, ama kwa kusambaa moja kwa moja kutoka jirani, ama kwa kupitia njia za limfu. Seli za saratani zikishajipandikiza kwenye mfuko huchuruzisha maji, na papo hapo huziba njia ambazo maji hayo yangepitia kuondoka. Maji yakiongezeka, shinikizo lake huanza kuzikandamiza chemba za kulia za moyo, ambazo kuta zake ni nyembamba, hata zikashindwa kufunguka vizuri kuipokea damu inayorudi kutoka mwilini. Msuli wa moyo bado una nguvu zake zote za kusukuma. Kinachokosekana ni damu ya kusukuma. Damu isiyopata nafasi ya kuingia hurudi nyuma, mishipa ya shingo ikatuna, ini likajaa, miguu ikavimba. Kwa macho tu mtu huyo hawezi kutofautishwa kwa urahisi na yule ambaye msuli wa moyo wake umechoka, na kwa hiyo siwalaumu wale wa zahanati.

Hata hivyo, matibabu ya hali hizi mbili yanapingana. Moyo uliobanwa na maji unaishi kwa kutegemea shinikizo kubwa la damu iliyojaa kwenye mishipa ya kurudisha damu, kwa kuwa ni shinikizo hilo pekee linaloilazimisha damu kuingia katika chemba zilizobanwa. Vidonge vya kukojoza, kama vile furosemidi, hulipunguza shinikizo hilo, presha ikaporomoka, mgonjwa akazimia, na bila shaka ndicho kilichomkuta mama bafuni. Kwa hiyo, mtu yeyote aliyewahi kuwa na saratani kifuani anapoanza kuhema na kuvimba, apimwe eko kabla ya kuanzishiwa vidonge vya maji, na pasipokuwa na eko apewe rufaa.

Zipo dalili zinazoweza kumshtua mhudumu asiye na mashine. Mwaka 1935 daktari mpasuaji wa Marekani, Claude Beck, alieleza tatu: presha inayoshuka, mishipa ya shingo iliyotuna, na sauti za moyo zinazosikika kwa mbali. Lakini hizo tatu hukutana zaidi kwa mtu ambaye maji au damu imejaa ghafla; kwa mgonjwa wa saratani mara nyingi hukosekana moja au mbili. Ninazoziamini zaidi mimi ni mapafu yanayosikika makavu kwa mtu anayehema sana, na presha inayopungua kwa zaidi ya milimita 10 za zebaki anapovuta pumzi. Eksirei ya kifua huonyesha kivuli cha moyo kilichopanuka na kuviringana.

Watu huuliza pia ni maji kiasi gani yanayoua, na jibu ni kwamba kasi ina uzito kuliko kiasi. Mililita 200 zikiingia kwa saa chache zinatosha kuusimamisha moyo, ilhali wapo wagonjwa waliovutwa zaidi ya lita moja wakiwa bado wanajibu maswali, kwa sababu mfuko, kama tumbo la mjamzito, hutanuka ukipewa muda. Ubaya ni kwamba unapofika mwisho wa kutanuka, vijiko vichache vya nyongeza hubadilisha hali kwa siku moja, na kinyume chake pia ni kweli: mililita chache za mwanzo zinazovutwa humpa mgonjwa nafuu ambayo ndugu waliosimama mlangoni huiona wenyewe. Maji yasivutwe yote kwa pupa. Huachwa mrija laini kwa siku kadhaa hadi yanayotoka yapungue kabisa. Yakirudi, na kwa saratani hurudi mara nyingi, wapasuaji hutoboa kidirisha kwenye mfuko ili maji yapate pa kupitia.

Ama kuhusu saratani kurudi, ni jambo la kulifikiria, lakini msilihukumu kabla ya vipimo. Katika ukanda wetu sababu inayoongoza ya maji kuuzunguka moyo ni kifua kikuu, hasa kwa wenye virusi vya ukimwi, na historia ya saratani haimkingi mtu na kifua kikuu. Maji yenye rangi ya damu si ushahidi, kwa sababu magonjwa yote mawili huweza kuyatia damu. Ombeni yapelekwe maabara kutazamwa seli za saratani na pia vimelea vya kifua kikuu, na mkiambiwa seli hazikuonekana mara ya kwanza, fahamuni kwamba jibu hilo peke yake haliiondoi saratani. Iwapo itathibitishwa imefika huko, itakuwa imesambaa, na matibabu yatalenga kuidhibiti badala ya kuimaliza. Lakini kwa saratani za titi zinazoitikia dawa za homoni, udhibiti huo unaweza kudumu kwa miaka.

Daktari, mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Akiamka asubuhi uso umevimba, macho yamekuwa membamba, na kola ya shati inambana. Tulitibu aleji, kisha tukaambiwa huenda ni figo. Sasa eksirei imeonyesha uvimbe mkubwa katikati ya kifua. Anazidi kuhema, lakini madaktari wanasema hawaanzi dawa mpaka wachukue kinyama wakipime, na hawataki kumlaza kwa dawa ya usingizi. Tunaona wanatuchelewesha. Kwa nini wasimpasue wakautoa? — Kaka mtu, Mwanza

Kaka, hasira yako naielewa, lakini madaktari hao wanafanya kazi yao vizuri. Damu yote ya kichwa, shingo na mikono hurudi moyoni kwa mshipa mmoja mkubwa wenye ukuta mwembamba, unaoshuka upande wa kulia wa kifua, na uvimbe unaoota katikati ya mapafu huubana kwa urahisi. Daktari William Hunter alieleza mgonjwa wa namna hii huko London mwaka 1757. Yeye alimkuta na aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, iliyotuna kwa sababu ya kaswende, lakini siku hizi sababu kubwa ni saratani. Uso huvimba zaidi asubuhi kwa kuwa mtu aliyelala hasaidiwi na uzito wa damu kushuka. Mwenye ugonjwa wa figo naye huamka amevimba uso, ila mishipa ya shingo yake haituni, mkojo wake huwa na protini, na miguu kwa kawaida nayo huvimba. Mdogo wako ukimvua shati huenda ukaona mishipa iliyojichora kifuani, ambayo ni damu inayotafuta njia za pembeni.

Kwa kijana wa umri huo, uvimbe wa mahali hapo aghalabu ni limfoma, au uvimbe wa thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, au saratani ya seli za uzazi iliyoota kifuani badala ya kwenye korodani. Msishangae basi akikaguliwa korodani, wala akipimwa damu kutafuta homoni ambayo kwa kawaida hupimwa wajawazito. Baadhi ya uvimbe wa namna hiyo huitoa homoni hiyohiyo, na jibu lake huweza kupatikana bila kisu.

Kinyama kinatangulia kwa sababu tiba zinatofautiana kabisa. Limfoma haitibiwi kwa kupasuliwa. Hutibiwa kwa dawa za saratani, wakati mwingine pamoja na mionzi, na vijana wengi hupona hata uvimbe ukiwa umejaza nusu ya kifua. Uvimbe wa thaimasi, kinyume chake, ukiwa bado haujasambaa hutolewa kwa upasuaji. Ukimpa mgonjwa prednisoloni au deksamethasoni, dawa za steroidi ambazo hutumika pia kwa aleji, kabla ya kinyama, limfoma inaweza kuyeyuka kwa siku chache, familia ikafurahi, kisha kinyama kitakachochukuliwa baadaye kisionyeshe kitu, na ugonjwa ukarudi ukiwa haujulikani ni aina gani. Nimeliona hilo likitokea kwa wagonjwa waliopewa sindano za aleji mara nyingi.

Kuhusu dawa ya usingizi, hapo ndipo moyo unapoingia. Mtu anapolala usingizi wa upasuaji misuli hulegea, na uvimbe uliokuwa ukishikiliwa na msuli wa kifua hudondoka juu ya koo la hewa, juu ya ateri inayopeleka damu mapafuni na juu ya moyo wenyewe. Wapo waliokufa mezani kabla kisu hakijagusa ngozi. Ndiyo maana hutafutwa kwanza tezi ya shingoni au ya kwapani inayoweza kutolewa kwa ganzi tu, au sindano nene huingizwa kwenye uvimbe mgonjwa akiwa macho, amekaa. Eko ifanyike kabla ya dawa kuanza, kwa sababu uvimbe wa aina hii hupenda kuleta maji kwenye mfuko wa moyo, na mambo hayo mawili yakikutana mgonjwa huzidiwa haraka.

Huku mkisubiri, alale akiwa ameinuliwa kwa mito, asiiname kufunga viatu, na dripu awekewe mguuni badala ya mkononi. Akianza kukoroma anapovuta pumzi akiwa macho, kuchanganyikiwa, au kuzimia, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Hapo Mwanza, Hospitali ya Bugando ina huduma za saratani, kwa hiyo si lazima safari ianzie Dar es Salaam.

Je, uvimbe unaweza kuota ndani ya moyo wenyewe? Nina miaka 43. Nilikuwa nikitibiwa vali iliyobana, niliyoambiwa imetokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Nikilala kwa ubavu wa kushoto nahisi pumzi inakatika, nikiketi inarudi. Eko ya mwisho imesema si vali, ni uvimbe katika chemba ya juu kushoto. — Msomaji, Mombasa

Dada, unaweza kuota, ingawa ni nadra. Uvimbe wa moyo uliotoka mahali pengine mwilini huzidi kwa mbali sana ule ulioanzia moyoni. Ulichoeleza kinafanana na miksoma, uvimbe usio saratani ambao huwapata zaidi wanawake wa umri wa makamo, na mara nyingi huota kwenye ukuta unaozitenga chemba mbili za juu, ukining'inia kwa kishina. Kwa kuwa unaning'inia, huzama kwenye vali na kuiziba kila moyo unapopiga, na mkao wa mwili hubadilisha kiasi cha kuziba, jambo ambalo vali iliyokakamaa kwa baridi yabisi haifanyi hivyo. Huku kwetu vali za baridi yabisi ni nyingi mno kiasi kwamba miksoma hujificha nyuma yake kwa miaka.

Usiuachie muda kwa kuwa umeambiwa si saratani. Vipande vyake humeguka, vikasafiri na damu hadi kwenye ubongo, na kuna watu ambao dalili yao ya kwanza ilikuwa kiharusi. Tiba yake ni upasuaji wa kufungua moyo, na uvimbe ukishatolewa pamoja na mahali kishina kilipojishika, kurudi kwake ni nadra, isipokuwa kwa familia chache zenye urithi wa ugonjwa huo. Muulize daktari wako kama wadogo zako nao wapimwe.

Babu yangu ana saratani ya umio, na mapigo ya moyo yameanza kwenda ovyo, mara mbio mara yanaruka, hasa akimeza chakula. Yanahusiana? — Mjukuu, Bomet

Yanahusiana. Umio hupita moja kwa moja nyuma ya chemba ya juu ya kushoto ya moyo, pasipo kitu kati yao ila tabaka nyembamba, na uvimbe mkubwa wa umio, au chakula kilichokwama juu yake, huweza kuisukuma chemba hiyo na kuyavuruga mapigo. Sehemu za Kenya mnakoishi zinajulikana kwa wingi wa saratani hii, na hapo Bomet Hospitali ya Tenwek ina uzoefu wa miaka mingi wa kuwawekea wagonjwa bomba la kuutanua umio. Babu apimwe umeme wa moyo na chumvi za damu, kwa kuwa mtu asiyekula hupungukiwa potasiamu, na upungufu huo nao huyafanya mapigo yaruke. Dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo kwa kawaida hupewa mtu wa mapigo ya namna hiyo, isianzishwe bila kumshauri anayemtibu saratani, kwa sababu uvimbe wa umio huvuja damu kwa urahisi.

Daktari, nikiwa na miaka 14 nilitibiwa limfoma ya kifua kwa dawa za dripu, mojawapo nyekundu, na kwa mionzi. Nilipona. Sasa nina miaka 31 na mimba ya miezi mitatu. Niliambiwa niko sawa na cheti changu cha hospitali kimepotea. Je, nimwambie mkunga, au mambo hayo yamepita? — Mama mtarajiwa, Dar es Salaam

Mwambie, na umwambie katika hudhurio lijalo la kliniki. Dawa nyekundu uliyopewa kwa hakika ilikuwa doksorubisini au ndugu yake wa karibu, na madhara yake kwa msuli wa moyo hujumlika dozi baada ya dozi. Kwa watu wazima, moyo hushindwa kufanya kazi kwa kadiri ya mgonjwa 1 kati ya 20 pale jumla inapofika miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili, na kwa kadiri ya 1 kati ya 4 inapofika 550. Kwa waliotibiwa wakiwa watoto, tahadhari huanza kwenye 250. Mionzi ya kifua huongeza juu yake, kwa kuwa hukakamaza vali na kuziba mishipa inayoulisha moyo damu, na madhara hayo hujitokeza miaka 10 au 20 baada ya uvimbe kusahaulika. Mtu huweza kuishi vizuri na moyo uliopungukiwa nguvu kidogo hadi siku mwili unapomdai zaidi, na mimba hudai zaidi: damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu.

Pima eko sasa, kisha tena katika miezi mitatu ya mwisho, na upange kujifungulia hospitali yenye daktari wa moyo. Kuhema ukiwa umelala na mapigo ya kasi usivichukue kuwa ni hali ya mimba tu. Cheti kilichopotea kitafute: mafaili ya zamani huhifadhiwa kwenye ofisi ya kumbukumbu za hospitali iliyokutibu, na ukifika na jina ulilolitumia utotoni, mwaka wa matibabu na kitambulisho, omba kwa maandishi nakala ya ukurasa unaoonyesha jumla ya dozi za dawa na kipimo cha mionzi. Daktari wa moyo atakayekupima atahitaji takwimu hizo mbili kuliko maelezo mengine yote.